Manowari ya Bomba Tatu na Siri ya Nguvu Baharini

Leo tunazungumzia bahari na nguvu za kivita zinazoitawala. Swali letu ni moja: ni nini hasa kinachoipa nchi nguvu baharini? Ukiwauliza watu barabarani, wengi watakutajia manowari kubwa, mizinga na makombora. Mimi nasema hivyo vyote vinakuja baadaye. Nguvu ya bahari inaanzia nchi kavu: kwenye gati, kwenye karakana, kwenye ghala la mafuta, na kwa watu wanaozijua njia za maji. Asiye na hivyo, hata umpe manowari bora kuliko zote, atakuwa mateka wa chombo chake mwenyewe. Ushahidi wa hilo hatuhitaji kuuagiza ng'ambo. Upo hapa hapa pwani ya Afrika Mashariki, katika matope ya delta ya Rufiji.

Turudi nyuma hadi Juni 1914. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg inaingia bandari ya Dar es Salaam, ambayo wakati huo ndiyo makao makuu ya koloni la Wajerumani. Ina mizinga kumi na mabomba matatu ya moshi yaliyosimama wima, na wenyeji wakaiita manowari ya bomba tatu. Nahodha wake ni Max Looff. Wakati ule Waingereza nao walikuwa na manowari zao katika maji haya, lakini zilikuwa kuukuu na za mwendo wa pole. Tarehe 31 Julai, vita ikiwa inanukia, Königsberg iling'oa nanga na kutoka nje. Manowari za Kiingereza zilijaribu kuifuata ili zisiipoteze machoni. Ikaziacha nyuma, ikatokomea.

Sasa fikiria, msikilizaji. Chombo chenye mbio, chenye mizinga mizuri, kiko huru katika Bahari ya Hindi, na mbele yake zinapita meli za biashara za Uingereza kutoka India kwenda Suez, zimebeba chai, pamba na askari. Ungetazamia kilio kikubwa. Lakini katika vita nzima Königsberg iliteka meli moja tu ya biashara. Moja! Meli hiyo ni City of Winchester, iliyokamatwa tarehe 6 Agosti 1914 upande wa mashariki ya Aden ikiwa na shehena ya chai. Wajerumani walipakua makaa ya mawe yaliyokuwamo, wakakuta ni makaa hafifu yasiyotoa mvuke wa kutosha, kisha wakaizamisha.

Kwa nini meli moja tu? Jibu ni makaa. Manowari za siku zile ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke unataka makaa mengi kila siku ya safari. Waingereza walikuwa na Aden, Bombay, Colombo, Mombasa, Unguja, Durban na Mauritius. Kila walikokwenda walikuta gati, lundo la makaa, mafundi na maji ya kunywa. Wajerumani katika bahari hii walikuwa na pwani ya Tanganyika peke yake. Waingereza, kwa kuwa waliijua biashara hii tangu zamani, wakanunua makaa katika bandari za Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, ili Mjerumani asiyapate hata kwa fedha. Kabla risasi ya kwanza haijaifikia Königsberg, ilikwisha kupigwa na karani aliyeandika hati ya kununua makaa.

Wajerumani wenyewe nao wakaongeza tatizo. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Kwa kuhofia kuvamiwa, wakuu wa koloni wakaamua kuizamisha cheleza ya kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asipite. Adui kweli hakupita. Lakini na manowari yao wenyewe, iliyokuwa nje, haikuweza kurudi nyumbani. Chombo pekee cha kuinulia meli na kuitengeneza kikalala chini ya maji, kikawa kufuli la mlango. Hapo Königsberg ikabaki bila bandari katika pwani yake yenyewe.

Ndipo Looff akaichagua Rufiji. Wapimaji wa Kijerumani walikuwa wameipima delta ile, na ramani za Waingereza zilikuwa hazionyeshi kwamba chombo kikubwa kiasi kile kinaweza kuingia. Mikoko inaficha milingoti, mikono ya mto ni mingi, na maji yakijaa njia inapatikana. Kutoka huko manowari ilitoka mara moja kwa pigo kubwa. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia mlango wa bandari ya Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, inatengenezwa boila zake. Haikuwa na mvuke wa kuondokea. Mizinga yake haikuwa na masafa ya kuifikia Königsberg. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Makaburi yao yako hadi leo kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo ya Mji Mkongwe.

Tazama jambo hili kwa makini. Pegasus ilipigwa kwa sababu ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Na Königsberg, mshindi wa asubuhi ile, ilipoondoka ilikuwa na ugonjwa huo huo: mtambo wake ulikuwa na hitilafu. Ikarudi Rufiji, ikajificha upande wa Salale. Hapakuwa na karakana. Ilibidi vyuma vya mtambo na boila vishushwe, vipelekwe Dar es Salaam kwa nchi kavu, porini na kwenye tope, kwa jasho la wabeba mizigo Waafrika, vikatengenezwe kwenye karakana ya mjini, kisha virudishwe kwa njia ile ile. Historia za vita hii zimejaa majina ya makamanda. Wale waliovuta vyuma vile kwa kamba hawakuandikwa, na mimi naona ni haki leo tuwataje, hata kama ni kwa kazi yao tu. Bila wao manowari ile isingepata tena mvuke.

Na ilipatikana vipi ndani ya mikoko? Kwa karatasi za makaa. Mwezi Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident huko Lindi. Askari walipoipekua waliona hati zinazoonyesha kwamba matishari ya makaa yamepelekwa Rufiji. Kwa nini upeleke makaa kwenye mto usio na bandari? Mwisho wa mwezi ule Königsberg ilikwisha kuonekana. Njaa yake ya makaa ndiyo iliyomwonyesha adui mahali ilipo.

Kuanzia hapo hadithi inakwenda miezi minane. Waingereza hawakuweza kuingia kwa manowari zao, maana kina kilikuwa kidogo. Wajerumani hawakuweza kutoka, kwa kuwa mlangoni walisubiriwa. Berlin ikatuma meli ya msaada, Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmark, ikiwa imejaa makaa na silaha. Ilisafiri kuzunguka Afrika nzima. Aprili 1915, ilipokaribia Tanga, iligunduliwa na kupigwa ikaishia katika ghuba ya Manza. Silaha nyingi ziliokolewa zikawafaa askari wa nchi kavu. Makaa, ambayo ndiyo Königsberg iliyasubiri kwa hamu, hayakuifikia.

Waingereza kwa upande wao walikwisha kukiteka kisiwa cha Mafia mnamo Januari 1915. Mafia ndiyo iliyokuwa karakana yao, uwanja wao wa ndege na gati lao. Walizileta kutoka Malta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo awali zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Zilikokotwa na meli nyingine safari nzima. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikapigana mchana kutwa, zikarudi na maafa. Zikatengenezwa Mafia. Baada ya siku tano tu, tarehe 11 Julai, ziliingia tena, na ndege kutoka Mafia ikawa inaruka juu ikiwaeleza wapiga mizinga kombora limeangukia wapi. Siku ile Königsberg iliwaka, na mabaharia wake wenyewe wakailipua kwa baruti ili isichukuliwe.

Siku tano, msikilizaji. Upande mmoja ulipata majeraha, ukaenda kisiwani jirani, ukatibiwa, ukarudi. Upande wa pili ulipata majeraha ukabaki nayo mahali pale pale. Hiyo ndiyo tofauti ya nguvu baharini, na haikutokana na ushujaa. Mabaharia wa Königsberg walikuwa mashujaa, na malaria iliwala kwa miezi mingi bila ya wao kuacha zamu. Walichokosa ni mahali pa kurudi.

Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu, ikapiganwa nayo nchi kavu. Mmoja ulipelekwa hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli Graf von Goetzen, ile ile ambayo vizazi vya wasafiri wa Kigoma wameijua kwa jina la Liemba. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utauona mmojawapo umewekwa hapo. Ukiusimamia, usiishie kustaajabia urefu wa chuma. Jiulize mzinga wa baharini umefikaje juu ya nchi kavu.

Sasa, kwa kuwa tumefika Fort Jesus, tuingie humo ndani, kwani ngome hiyo inatoa somo lile lile kwa upande wa pili.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya mhandisi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni nene, pembe zake zimekatwa ili mizinga ilindane. Waomani walipokuja kuizingira mwezi Machi 1696, kuta hizo hazikuwaangusha Wareno. Kilichowaangusha ni njia ya maji. Chakula, baruti na askari wapya vilitoka Goa, India, na Goa iko mbali. Meli za Goa zinakuja na kaskazi, miezi ya mwisho wa mwaka hadi Machi. Kusi ikishaanza, kutoka Goa hakuji kitu. Msaada wa wakati huo ulitoka kusini, Msumbiji, ukisukumwa na upepo huo huo wa kusi. Kwa hiyo maisha ya ngome yalikuwa yanakwenda kwa kalenda ya pepo. Meli ikikosa msimu mmoja, watu ndani ya kuta walingoja miezi.

Ndani ya kuta hizo maradhi yaliwamaliza watu kuliko risasi. Mwaka 1697 ilifika hatua askari Wareno karibu wote wamekufa, na ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wachache wa pwani, wanawake wakiwa miongoni mwa walinzi wa kuta. Meli zilipowasili kutoka Msumbiji, mojawapo ilikuwa Santo António de Tanná. Iliharibiwa ikazama pale pale chini ya ngome, na mabaki yake yamelala huko. Wataalamu wa mambo ya kale waliyachimba chini ya maji kuanzia mwaka 1977, na vitu walivyovitoa vimewekwa katika jumba la makumbusho la ngome. Mwezi Desemba 1698 Waomani wakapanda kuta. Meli za msaada kutoka Goa zilifika siku chache baadaye, zikaona bendera iliyopepea si yao, zikageuka.

Waomani hawa walitoka wapi na nguvu hiyo? Miongo michache kabla, wao ndio waliokuwa wanatawaliwa baharini. Mwaka 1650 waliwatoa Wareno Maskati. Katika bandari waliyoichukua walipata vyombo, na wakapata mahali pa kuvitunzia. Walijifunza kwa vyombo vya adui wao, wakaunda na kununua vingine, na ndani ya miaka 50 Imam Saif bin Sultan alikuwa na meli za kuvuka bahari na kuizingira Mombasa kwa karibu miaka mitatu. Mtu aniambie kwamba nguvu ya bahari ni ya wakubwa peke yao, nitamtajia Maskati.

Na mtu akiniambia kwamba nguvu hiyo ukishaipata imekwisha kuwa yako milele, nitamtajia Unguja. Mwaka 1840 meli ya Sultani Seyyid Said, Sultana, ilifika New York chini ya ujumbe wa Ahmad bin Na'aman, na huko ikatengenezwa upya katika karakana ya wanamaji wa Marekani. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini miaka ilivyokwenda, karakana za maana zilibaki kuwa za wageni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza meli za Sultani. Sultani Barghash akaagiza meli nyingine, Glasgow, iliyoundwa Scotland. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyomalizika kabla saa moja haijatimia, Glasgow ilizamishwa bandarini Unguja na manowari za Uingereza, yaani nchi ile ile iliyoiunda. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyo hakuwa hata ndugu.

Wanazuoni wa vita waliyaandika haya kwa njia yao. Mmarekani Alfred Thayer Mahan, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alisisitiza kundi kubwa la manowari linalomshinda adui katika mapambano makuu, ingawa yeye pia alitaja bandari na vituo vya makaa. Mwingereza Julian Corbett, mwaka 1911, alisema jambo ambalo mimi naliona lina uzito zaidi kwetu: bahari haitekwi kama shamba linavyotekwa. Unachoweza kukishika ni njia zake. Kutawala bahari ni kuhakikisha kwamba wewe unapita na kwamba mpinzani wako hapiti, au anapita kwa ruhusa yako. Miaka mitatu baada ya kitabu hicho, Rufiji ikawa mfano wake. Königsberg ikiwa imefungwa mtoni haikuzamisha kitu, lakini kwa kuwapo kwake tu iliwashughulisha Waingereza, wakaweka manowari zao nyingi kulinda mlango wa mto, manowari ambazo zilihitajika kwingine.

Tuje sasa katika zama zetu. Makaa yamekwisha, lakini hesabu haijabadilika.

Novemba 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Hawana hata manowari moja ya kulinganishwa na za Marekani. Wanacho kitu kingine: wamekaa pembezoni mwa Bab el-Mandeb, mlango mwembamba ambao meli zinazopita kati ya Suez na Bahari ya Hindi lazima zipite. Kwa makombora na ndege zisizo na rubani zinazorushwa kutoka nchi kavu waliyalazimisha makampuni makubwa ya meli kuuacha mlango huo na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikaongezeka siku nyingi, bima ikapanda, na nauli ya kontena ikapanda. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mombasa anayeagiza bidhaa Ulaya au Uturuki aliyaona hayo kwenye bili yake bila kusikia mlio wa kombora.

Marekani na washirika wake walituma manowari za kisasa, na Umoja wa Ulaya ukatuma zake. Nyingi ya silaha za Houthi zilitunguliwa. Na bado meli za biashara kwa wingi hazikurudi mapema. Ndani ya manowari hizo kuna jambo ambalo Nahodha Looff angelielewa mara moja. Manowari ya kisasa hubeba makombora ya kujilinda katika mashimo yaliyopangwa sitahani. Yakiisha, kwa kawaida hayajazwi baharini. Lazima manowari iondoke kwenye zamu yake, irudi bandari yenye vifaa vya kuyajaza, kisha ije tena. Kombora limechukua nafasi ya makaa, na swali ni lile lile: bandari yako iko wapi?

Ndiyo maana Djibouti, nchi ndogo, ina kambi za Ufaransa, Marekani, Japani na Italia, na tangu 2017 China nayo imefungua yake. Mataifa hayo yamekwenda kununua mahali pa kupumzisha vyombo, kujaza mafuta na kufanya matengenezo karibu na mlango huo wa Bab el-Mandeb. Waingereza walifanya hivyo hivyo Aden na Mombasa.

Na vita ya Ukraine imeonyesha jambo hilo hilo katika Bahari Nyeusi. Aprili 2022, Ukraine ilizamisha manowari kuu ya Urusi huko, Moskva, kwa makombora yaliyorushwa kutoka pwani. Uturuki ilikuwa imekwisha kuzifungia manowari milango ya bahari ile, kwa hiyo Urusi haikuweza kuleta nyingine mahali pake. Halafu Septemba 2023 Ukraine ikalenga cheleza ya Sevastopol, ikapiga meli ya kivita na nyambizi vikiwa vimepandishwa kwa matengenezo. Hawakungoja virudi baharini. Walivifuata hospitalini. Baada ya hapo sehemu kubwa ya vyombo vya Urusi ilihamishiwa bandari ya Novorossiysk, mbali zaidi. Nchi isiyo na manowari kubwa ililisukuma kundi zima la manowari kwa kulinyima mahali pa kutulia.

Kwa hiyo sisi, watu wa pwani hii, tujifunze nini?

Kwanza, tusikubali kwamba bahari yetu ni barabara ya wengine inayopita mbele ya nyumba zetu. Vitu vingi vinavyotuhusu vinapita humo: mafuta, ngano, mbolea, magari, na hata mazungumzo yetu ya simu. Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Benki zilikwama, ofisi zilikwama, na tukasubiri meli maalumu ya kutengeneza mikongo. Ulinzi wa bahari wa leo unaihusu Kigali na Kampala sawasawa na Tanga.

Pili, tuipe karakana heshima yake. Naona fahari tunapopokea chombo kipya cha doria, bendera zinapepea na bendi inapiga. Ni halali kufurahi. Lakini chombo cha doria kisichotoka kwa kukosa kipuri hakilindi samaki wala hakizuii magendo. Nchi yetu inapata nguvu siku ile fundi wetu anapoupasua mtambo, akaujua, akaurudisha ukafanya kazi. Kuna dalili njema. Kisumu kumeundwa MV Uhuru II. Mwanza kulijengwa cheleza pamoja na mradi wa MV Mwanza. Kuna Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na Mombasa kuna chuo chao cha mambo ya bandari na ubaharia. Hayo ni maziwa na madarasa, mtu anaweza kusema, wapi na vita vya bahari? Nami namwambia: mafundi waliotengeneza boila ya Königsberg Dar es Salaam nao walikuwa mafundi wa karakana ya kawaida. Ujuzi wa amani ndio akiba ya siku ya hatari.

Tatu, tuyaheshimu maarifa ya wenye bahari. Vasco da Gama alipofika hapa mwaka 1498, alipata rubani Malindi wa kumvusha hadi India. Königsberg ilijificha kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeipima delta na mwingine haujaipima. Wavuvi wa Kilwa, Mafia, Lamu na Pemba wanajua mikondo, miamba na maji ya bamvua kwa kiasi ambacho hakuna kifaa kinachowashinda. Mvuvi huyo ndiye wa kwanza kuona chombo kigeni kinachovua usiku ndani ya maji yetu. Awe na namba ya kupiga, na akipiga apokelewe, asidharauliwe. Doria inayowafukuza wavuvi badala ya kuwasikiliza imejitoboa macho yenyewe.

Nne, tuungane. Hakuna nchi moja ya pwani hii itakayoweza kujenga cheleza kubwa, kununua meli ya mikongo, kufundisha warubani na kulinda maji yote kuanzia Somalia hadi Msumbiji. Maharamia wa Kisomali walipotamba baada ya mwaka 2008, waliokuja kufanya doria kwa wingi walikuwa wa Ulaya, Marekani na Asia. Tuliwashukuru, na shukrani ni wajibu. Lakini mlinzi aliyetoka mbali hulinda kwanza mali yake, na siku akiitwa kwao ataondoka. Cheleza moja ya pamoja, ghala moja la vipuri vinavyolingana, na kituo kimoja cha taarifa vingetufaa kuliko kila nchi kununua chombo cha aina yake kisichoelewana na cha jirani.

Nayasema haya kwa uchungu, msikilizaji, kwa kuwa pwani hii imewahi kuyalipia. Wabeba mizigo waliovuta vyuma Rufiji, watu wa Faza waliofia kwenye kuta za Wareno: wengi wao walikufa katika ugomvi uliopangwa mbali na kwao, ndani ya maji ya kwao. Kitu kitakachotuepusha na hali hiyo kitapatikana kwenye vyuo vya ufundi, kwenye bajeti za matengenezo, kwenye ramani tulizopima wenyewe, na kwenye makubaliano na jirani zetu. Havina mvuto wa gwaride, lakini ndivyo vinavyoshikilia bahari.

Basi, siku utakaposikia kwamba serikali yako inanunua manowari, muulize mbunge wako maswali matatu. Itatengenezwa wapi ikiharibika? Mafuta na vipuri vyake vitatoka kwa nani, na huyo akitunyima tutafanyaje? Na vijana wangapi wa nchi hii wamefundishwa kuiendesha na kuitengeneza? Akikupa majibu yanayoeleweka, ipigie makofi manowari hiyo. Akikosa, mwambie pesa hizo zianzie kwenye karakana.